Rangi Kwenye Shuka ya Mama

Harufu ya rangi ikichanganyika na mafuta ya taa hunipandisha hasira mpaka leo. Wewe unayesoma utasema huyu mama ni mkorofi. Sawa. Nisikilize kwanza.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mjukuu wangu Mutua aliingia jikoni kwangu na harufu hiyo mikononi. Alikuwa fundi wa magari hapa Machakos, na tajiri mmoja wa Konza alikuwa amempa lori kuukuu la jeshi, alirudishe lilivyokuwa wakati wa vita vya Wazungu. Akapanga vipande vya bati juu ya meza yangu, kila kimoja kimepakwa kijani chake.

"Susu," akasema, yaani bibi, "hizi zote mwenyewe amekataa. Anasema zinang'aa kama jeneza. Anataka ile yenyewe, ya zamani."

"Sasa mimi nauza rangi?"

"Mama ameniambia uko na nguo iliguswa na ile rangi, na haijachomwa na jua. Nikate kidogo tu, Susu. Kama ukucha."

Nilimfukuza na mwiko mkononi, ugali ukiungua. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa.

Nguo yenyewe ilikuwa shuka ya marikani ya mwaitu, ndivyo tulivyomwita mama. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi kule Wamunyu lori lilipokuja kuchukua wanaume. Chifu alitaka tulione ni la maana, basi lilikuwa limepakwa rangi asubuhi hiyo hiyo, kijani kizito kisichong'aa, kama mkonge uliolaliwa na vumbi. Baba alipanda pamoja na wengine. Mimi katikati ya watu wazima niliona miguu na magurudumu tu. Habari za kifo chake zililetwa na chifu huyo huyo. Alizisema akiwa juu ya baiskeli, hakushuka.

Siku moja mwaitu alikwenda kuchota maji, nami nikaona ile shuka imetundikwa ndani, begani iko na madoa ya kijani. Nikasema leo nitamfurahisha. Nikamimina mafuta kutoka kwenye taa yetu, nikasugua kwa kipande cha gunia, huku naimba. Rangi ikaanza kutoka. Nilikuwa na furaha, jamani.

Akanikuta. Kibuyu cha maji alikiachia tu, kikapasuka.

"Nani amekuambia huo ni uchafu? Nani?"

Nilichapwa mpaka shangazi akaruka ua kuja kuniokoa. Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba mama yangu alinipiga kwa ajili ya mafuta ya taa, na sikumsamehe.

Nilikuwa tayari mama wa watoto aliponifungulia ile shuka, akaweka vidole vyake juu ya madoa, kimoja kimoja. Yalikuwa matatu. Baba alikuwa ameshikilia ubao wa lori ambao rangi yake haijakauka, halafu akainama akamshika mwaitu begani. Kidole cha nne nilikuwa nimekifuta mimi.

Ndipo nilipoelewa ile fimbo. Mwaitu hangeweza kumchapa chifu, wala mzungu wa chifu, na lori lilikuwa limeshakwenda. Aliyekuwa karibu ni mimi. Na siku ile ya mwiko, aliyekuwa karibu nami ni Mutua.

Nilitoka nje siku hiyo hiyo nikamwita. Samahani sikumwomba. Nilimwambia alete bati zake mlangoni penye mwanga, alinganishe kwa macho, na makasi aiache huko huko. Alichutama pale muda mrefu akiinua moja, akishusha nyingine.

"Ni hii," akasema mwishowe. "Atafurahi sana, Susu."

"Na afurahi. Amekuuliza mambo mangapi juu ya hilo lori?"

"Mengi! Rangi, matairi, taa, hata misumari."

"Na waliopandishwa humo?"

Mutua akatikisa kichwa, akaanza kukusanya bati zake. Nikakunja shuka yangu, nikairudisha sandukuni, nikafunga kwa kufuli.