Maini Mawili Juu ya Gunia

Binti yangu alikuwa anafunga mdomo. Nasema kufunga, si ile ya watoto wengine ya kukataa kidogo kisha wanakubali. Hakuwa amefikisha mwaka, na akiona kikombe cha uji alikaza midomo mpaka kidevu kikajikunja. Pale kliniki Siakago nesi alinigombeza mbele ya foleni nzima: "Mama, mtoto amekonda hivi, kwani humlishi?" Nilitaka kumwambia aje amlishe yeye.

Mama mkwe wangu hakungoja. Alimlaza mapajani, akakinga kiganja chini ya mdomo, akamziba pua. Mtoto akifungua mdomo kuvuta pumzi, uji unamiminwa. Kwetu Mikinduri pia wanawake wazee hulisha hivyo, lakini damu ilinichemka.

"Atakufa njaa ukisimama hapo na Form Four yako," akaniambia.

"Na wewe utamnyonga kabla njaa haijafika."

Uji mwingi uliishia kwenye leso. Kilichomshibisha ni ziwa langu, basi.

Mwaka ule mvua ilitukuta na mahindi shambani. Tuliyachambua kama watu wote: yaliyoota ukungu wa kijani tukawapa kuku, yaliyobaki tukayaosha, tukayaanika, tukayapeleka kisiagi kusagwa. Unga ukitoka kule ni mweupe tu. Nani atajua ulikotoka?

Mimi nilifuga kuku wa gredi, wa kisasa, wanene, wamefungiwa bandani na yale mahindi ya ukungu mbele yao kutwa nzima. Wa mama mkwe walikuwa wa kienyeji, mifupa mitupu. Walipenya chini ya waya, wakadonoa mahindi yale yale mara mbili tatu, nikawafukuza, wakaenda kuchakura mchwa. Niliwacheka sana.

Kisha wangu wakaanza kuanguka. Hawakohoi, hawahari. Anasinzia, anainamisha kichwa, amekufa. Wale wembamba wakapita juu ya mizoga wakitafuta wadudu.

Nilimwita daktari wa mifugo. Akatandika gunia uani, akapasua kuku wangu. Ini lilikuwa la manjano kama siagi, limevimba, na alipoligusa lilimeguka vidoleni. Akaomba na mmoja wa kienyeji.

"Wangu ni mzima, unamchinjia nini?" mama mkwe akafoka. Lakini alimtoa.

Ini la huyo lilikuwa dogo, jekundu la kuiva, gumu, linang'aa. Nilichuchumaa nikayatazama yale maini mawili mpaka miguu ikafa ganzi. Ini nilikuwa nimelichora shuleni kwa penseli, nikaandika kazi zake pembeni, nikapata alama. Sikuwa nimeliona. Ua mmoja, mahindi yale yale, na huyu asiyelishwa na mtu alikuwa amebeba kitu kama jiwe la thamani ndani ya mifupa yake.

"Daktari, imekuwaje?"

"Ni sumu ya ukungu. Huyu alikula kidogo, akapata sumu kidogo. Na ini lake halijalemewa na mafuta. Labda ndiyo maana limepigana. Hiyo labda, mama, sikuapii."

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani, kikombe mkononi.

"Mwaga!" nikapiga kelele. "Mahindi ni yale yale!"

Njia nzima ya kwenda hospitali Embu nilikuwa nikimfunua mtoto kope nitafute umanjano. Mama mkwe alikaa kando yangu. Nilimweleza daktari wa huko habari za mahindi, akambonyeza mtoto chini ya mbavu za kulia. Mtoto akampiga teke. Wakatoa damu, tukangoja, akarudi.

"Ini lake liko sawa. Anakula nini?"

"Hali. Ananyonya tu."

Nilijiandaa kugombezwa tena.

"Safari hii kutokula kumemwokoa. Lakini mtoto huyu ni mwepesi mno, mtafutie unga safi. Njaa si dawa."

"Na mimi? Nimekula ugali ule asubuhi na jioni. Maziwa yangu je?"

"Sumu hupita kidogo kwenye maziwa. Nyingi hubaki kwako. Njoo tukupime."

Walinipima. Ini langu lilikuwa limechoka kidogo, litapona, wakasema. Ini hujijenga upya. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa hata kukasirika. Miezi hiyo yote, nikigombana na mama mkwe, nikifukuza kuku, mwili wangu ulikuwa umesimama katikati ukichuja, bila kuniuliza, bila kuniambia. Na mwili ule mwingine, mdogo kama wa sungura, ulifunga mlango wake. Sijui ulijua au haukujua. Kanisani walikuja kusema ni faida ya kufunga. Niliwaambia wanyamaze. Mtoto hakufunga saumu. Alikuwa anapigana na mikono mikubwa.

Mama mkwe aliketi mwisho wa benchi, mikono ndani ya leso.

"Nilimziba pua," akasema.

"Ulimziba."

Sikumpoza. Nilimwekea mtoto mapajani, nikapandisha fulana yake, nikavuta vidole vya yule mama mpaka chini ya mbavu za kulia.

"Gusa hapa."

Aligusa kama mtu anayegusa sufuria iliyotoka motoni.

"Sisikii kitu," akanong'ona.

"Ndiyo. Halijavimba. Ndivyo daktari alivyotaka."

Hakuondoa mkono.