Dungu Juu ya Lori

Njia ilikwisha kabla lori halijafika. Mbaraka Mwinjuma aliiona ikififia mbele yake, kwanza alama za magurudumu, kisha mchanga wenyewe, mpaka kikabaki kijia cha miguu katikati ya mihogo. Akaingiza gia ya kwanza, akaenda taratibu, majani yakikwaruza milango, hadi ukatokea uwanja wenye nyumba saba za udongo. Hapo palikuwa Kwa Mfaume, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Soga. Dada yake Mboni alikuwa ameolewa hapo miaka tisa, na yeye hakuwahi kupakanyaga.

Watoto waliokuwa wakicheza walilitazama lori, wakatazama kilichokuwa juu yake, wakatimua mbio.

"Wameiona sura yako," alisema Hemedi, mpishi, aliyebanwa kati ya dereva na Mzungu wao.

"Wameiona yako. Mimi hapa nina dada."

Mzungu hakusikia, au hakujali. Alikuwa mpimaji, akitafuta mahali pa kupitisha bomba la maji kutoka Mto Ruvu kwenda Dar es Salaam. Watu walimwita Bwana Rula, kwa kuwa rula yake haikumtoka mkononi hata mezani.

Ilikuwa miaka minne tangu vita viishe. Mbaraka alizaliwa Kisarawe, kwenye vilima, akaondoka kijana kwenda uaskari, akaendesha malori ya jeshi hadi Burma. Alirudi na kovu la bega, matusi ya Kihindi ya kila aina, na Kiingereza cha gereji ambacho wenye Kiingereza chao walikielewa vizuri zaidi kuliko kile cha makarani. Mke alimkuta ameolewa na mwingine. Hakuoa tena. Mtu wake duniani, ukimwondoa mama, alikuwa Mboni, na mtoto wa pekee wa Mboni, Tatu, aliyekuwa na miaka saba na ambaye alimwona mara mbili tu, alipopelekwa Kisarawe kumsalimu bibi yake.

Hicho kitu cha juu ya lori alikitengeneza yeye. Mwaka uliopita, kando ya Ruvu, maji yaliingia katika hema la Bwana Rula akiwa usingizini, na fisi akaondoka na kiatu chake cha kushoto. Mbaraka akakumbuka dungu, kile kichanja cha shambani alichokuwa akipanda utotoni kulinda mpunga wasije nguruwe. Akapigilia jukwaa la mbao za mvule juu ya paa la lori, akaweka bawaba, ngazi ya kukunja, na turubai linalosimama kwa fito nne. Asubuhi unalikunja lote kama mkeka. Bwana Rula alifurahi mno.

"Kama kuku," Hemedi hupenda kusema. "Jua likizama lazima apande juu."

Turubai lilikuwa la zamani, limeanza kuoza. Kabla ya safari hii Mbaraka alilichemsha kwa magome ya mkoko, kama wavuvi wa Mbwamaji wanavyochemsha nyavu zao zisioze. Mzee mmoja wa huko alimwelekeza: chemsha, suuza kwa maji ya bahari, anika, rudia mara tatu. Lakini Bwana Rula alitaka kuondoka Jumatatu. Mbaraka akachemsha mara moja, hakusuuza, akalianika nusu siku, akalikunja. Litakaukia njiani, alijiambia.

Mboni alitoka akifuta mikono kwa kanga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe umezeeka. Ingia umwone mjomba wako," alisema, maana ndivyo walivyozoea kutaniana kuhusu Tatu, kwamba mtoto yule ndiye mkubwa wa ukoo. Lakini hakucheka aliposema.

Tatu alilala kwenye kitanda cha kamba. Siku tano nyuma alijikata mguu kwa jembe. Sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa, na chini ya majani yaliyofungwa kwenye kidonda ilitoka harufu ambayo Mbaraka aliijua tangu Burma. Alimgusa paji la uso. Moto.

"Mjomba," alisema Tatu, "lile gari lina nyumba?"

"Lina nyumba. Kesho utapanda."

Alimwita nje shemeji yake Matano, mtu mpole, mkulima. Akamwambia bila kuzunguka: mguu huu ukikaa siku mbili zaidi, mtoto anakwenda. Treni hazikupita wiki ile, reli ilikuwa imekatwa na maji. Lilibaki lori. Hospitalini kulikuwa na sindano mpya, aliziona jeshini zikiwafufua watu waliokwisha kusaliwa.

Matano alimtazama mama yake, Bibi Mwanajuma, aliyekaa kizingitini akitenga mchele na chuya.

"Mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake," alisema bibi. "Amchukue. Ila nani analala kule juu?"

"Mzungu wangu."

"Kwa nini asilale chini kama watu?"

"Anaogopa fisi, bibi."

"Mh. Mtu mzima."

Bwana Rula naye hakuwa na pingamizi. Wachukue lori alfajiri, alisema, kwa kuwa njia ile haikufaa usiku; yeye angepima kwa miguu. Basi jambo likawa limekwisha. Mbaraka akafungua dungu lake, akasimamisha fito, akavuta turubai likakaza, akaenda kukaa na mpwa wake.

Mvua ilishuka alasiri. Ilikuwa mvua ya masika, ile isiyonyunyiza kwanza. Mbaraka alikuwa ndani akimnywesha Tatu maji kwa kijiko aliposikia mwanamke akipiga kelele uwanjani, kisha wa pili. Akatoka.

Maji mekundu yalikuwa yakitiririka kutoka juu ya lori. Yalishuka kwenye kioo cha mbele, yakafuata milango, yakadondoka kutoka kwenye ngazi na kutengeneza kidimbwi mchangani. Kando ya lori zilisimama fimbo za kupimia za Bwana Rula, nyekundu na nyeupe. Wanawake wawili waliotoka kisimani walikuwa wameiacha mitungi yao imevunjika, na pale juu, katika mwanya wa turubai, alichungulia Mzungu mwenye kalamu mkononi, akishangaa makelele yanatoka wapi.

Siku zile ilisemwa kila mahali kwamba wako watu wanaozunguka na magari, wanakamata wenzao na kuwakamua damu ya kutengenezea dawa za Wazungu. Mumiani, waliitwa. Mbaraka mwenyewe alipokuwa mdogo aliwahi kujificha kwenye pipa siku nzima kwa kuogopa gari la bwana mifugo.

"Ni magome!" alipaza sauti. "Magome ya mkoko! Rangi ya nyavu!"

Walikuwa watu wa bara. Hakuna aliyewahi kuchemsha wavu. Alikinga maji yale kiganjani akayanywa mbele yao, ili waone kwamba si damu.

"Anainywa," alisema mtu, polepole, na milango ikaanza kufungwa.

Matano pekee alikuja karibu, hatua kumi hivi.

"Shemeji, niambie kweli."

"Nimekuambia kweli."

"Sawa," alisema Matano, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mlevi. "Sawa. Kesho alfajiri."

Alfajiri Mbaraka alikwishakunja turubai na kutandika godoro nyuma ya lori. Alibisha hodi mara tatu, akasukuma mlango. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu. Bibi Mwanajuma alikuwa peke yake jikoni, mgongo umeuelekea mlango.

"Yuko wapi mtoto?"

"Hapa hapana mtoto."

"Bibi, atakufa!"

"Heri afe na damu yake."

Alitafuta siku ile yote, na siku iliyofuata. Aliingia mihogoni, akaenda hadi mitaroni, akaita jina la mtoto mpaka sauti ikakauka. Hemedi alitafuta upande wa reli. Bwana Rula naye alitoka na darubini yake, ndipo watu waliokuwa wamebaki katika kitongoji nao wakahama.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, kilio kilitoka katika msitu mdogo nyuma ya mashamba, akajua.

Watu walirudi, wakamleta wamemfunika kanga. Wakamwosha, wakamkafini, wakachimba kaburi pembezoni mwa minazi michanga. Mjomba ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mtoto wa dada yake. Mbaraka alivua viatu, akasogea.

"Shemeji," alisema Matano bila kumtazama, "kaa pembeni. Nakuomba."

Alikaa pembeni. Kaburini alishuka jirani.

Baadaye alimkuta Mboni nyuma ya nyumba, ameketi chini, macho makavu.

"Nani alimchukua? Ni yule bibi?"

"Mimi."

Alidhani hakusikia vizuri.

"Nilimbeba mimi, mgongoni. Watu wa hapa walitaka kukuvamia kwa mashoka usiku ule ule, pale pale ulipolala. Nikawaambia niacheni nimfiche mtoto, huyo atakwenda zake mwenyewe. Hawakukugusa."

"Mboni, ilikuwa rangi. Mimi ni kaka yako."

"Najua wewe ni kaka yangu. Ndiyo maana sikupiga yowe. Nilikuona kwa macho yangu unayanywa. Usiku Tatu aliniuliza mara mbili, tunapanda lini lile gari."

Mbaraka alitaka kumweleza habari ya maji ya bahari, kwamba alipaswa kusuuza mara tatu na hakusuuza hata mara moja. Maneno yakafika kinywani, akaona hayamfai mtu yeyote.

"Nenda kamwambie mama," alisema Mboni. "Asisikie kwa wapita njia. Mwambie ilikuwa homa."

"Nitamwambia homa."

"Usiongeze kitu."

"Siongezi."

Alikwenda kwenye lori, akamwekea Bwana Rula funguo juu ya meza yake ya ramani. Mzungu aliuliza kwa nini asiende na gari, Kisarawe ni mbali. Mbaraka alijibu kwa Kiingereza chake cha gereji kwamba mtu hapeleki habari ya msiba huu kwa gari hili. Akafunga shuka lake, akashika kijia cha miguu kati ya mihogo.

Hemedi alimsindikiza hadi mwisho wa uwanja.

"Utarudi?"

"Mnaye Bwana. Anajua kuendesha."

Akaendelea. Hemedi alisimama akimtazama hadi shuka jeupe lilipomezwa na majani, kisha akageuka. Bwana Rula alikuwa bado amesimama mezani na funguo mkononi, na matangani wanawake walikuwa wameanza kulia upya. Hemedi alikusanya kuni alizokuwa nazo, zile kavu, akazibeba kuelekea matangani, akaziweka chini hatua kumi kutoka mlangoni, akangoja aone kama kuna mtu atakayezichukua.