Neno Lililomtoa Bakhita Pangoni

Saa moja asubuhi, katika ofisi moja ya Maskati ya kale, Omani, anakofanya usafi, Bakhita Marhoon anafuta vioo vya picha ukutani. Picha moja ni ya pango alimofanya kazi mwaka juzi. Hiyo anaifuta upesi, kama mtu anayempita hasimu wake njiani.

"Mkono wangu umo humo," anasema, akigusa kona ya picha. "Uso wameukata."

Pango lenyewe liko milimani, nyuma ya kijiji cha Sidab. Watafiti wanaamini watawa wa Kibuddha, waliokuja na wafanyabiashara wa Kihindi, waliishi humo zamani sana na kuandika ukutani kwa wino mweusi. Bakhita, mjane anayeishi mtaa wa Ansab, alikuwa akiweka plastiki angavu juu ya maandishi na kuyafuata kwa kalamu. Pia alifuta, kwa kitambaa chenye maji, majina ya watalii yaliyoandikwa kwa makaa.

"Majirani wakinicheka, eti nimeingia dini ya masanamu. Mie nlikuwa na raha zangu. Wale watawa walikuwa wageni hapa, kama babu zangu walivyokuwa Unguja."

Siku moja mkuu wa watafiti, Khalil, naye mtoto wa nyumba za Kizanzibari, alimwagiza kwa Kiswahili, kwa simu ya upepo, yeye akiwa nje ya pango: fuata mstari wa chini. Simu ilikwaruza. Bakhita akasikia futa, akafuta.

Mstari ule ulikuwa haujapigwa picha. Maneno yaliyosalia yanasomeka: mimi, mtawa. Jina lake limekwenda na maji.

"Khalil alishika kichwa. 'Bi Bakhita, nimekwambia fuata! Fuata!' Tukalia pamoja, wallahi. Kesho yake, mbele ya wakubwa, akasema hakuniagiza kitu, nimejifutia tu."

Akaondolewa pangoni bila kuulizwa neno. Sikio kukosea ni jambo la kusameheka. Uongo ule ndio unaochukiza, maana hadi leo harusini watu humuuliza, "Ndiye wewe uliyefuta?"

Alipopigiwa simu, Khalil alijibu: "Bi Bakhita ni kama mama yangu. Lakini hayo ya nini tena?"

Alhamisi hii Khalil atawasilisha matokeo ya utafiti kwenye ukumbi wa ofisi hiyohiyo anayoisafisha Bakhita. Amepangiwa kuusafisha ukumbi huo, kisha aondoke kabla wageni hawajaingia.

"Ntausafisha, halafu ntakaa kiti cha mbele. Ntamuuliza kwa Kiswahili, wakubwa zake wanasikia: mwanangu, uliniambia neno gani?"

Na wakimwambia atoke?

"Wanitoe wao. Mie mwenyewe sitoki tena."