Yusuf Alichagua Kutembea, Mimi Nikachagua Kusikiliza

Siku yangu ya kwanza jeshini nilishindwa kuitikia jina langu mwenyewe. Tulikuwa tumeshuka kwenye lori na kupangwa mistari kwenye uwanja wa kokoto. Sajini wa kwata, yule anayefundisha makuruta gwaride, alikuwa akiita majina. Alipofika kwangu alitamka "Mokaya" kwa namna ambayo kwetu Nyaramba, katika milima ya Kisii, hakuna anayelitamka, nami nikanyamaza, nikimngoja huyo Mokaya mwingine ajitokeze. Kijana aliyesimama kando yangu akanigusa kiwiko.

"Ni wewe," akanong'ona.

Nikaitika. Sajini akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa kilichonyolewa. "Kumbe Mkisii husikia akiguswa," akasema. "Hapa utafundishwa kusikia bila kuguswa."

Aliyenigusa ndiye Yusuf. Alitoka Kisii mjini, kwenye nyumba za nyuma ya msikiti, ambako baba yake aliuza vitambaa. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tangu kuamka hadi kulala. Mimi Kiswahili nilikipata shuleni, na nikikasirika kilinipotea chote nikabaki na Ekegusii, lugha ya kwetu. Yusuf alinisahihisha bila kunicheka. Mimi nilimwonyesha jinsi ya kupanda mlima ukiwa na mzigo mgongoni bila kuhema, maana mtoto aliyelelewa Nyaramba hupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia kila wiki, na njia ya kituoni yote ni mlima.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za jeshi hudhani mtu huingia akiwa tayari amechagua kazi. Wakati wetu haikuwa hivyo. Kila kuruta alifundishwa kwanza kuwa askari wa miguu: kulenga shabaha, kuchimba handaki, kusoma ramani, kutembea siku nzima na bado kufika ukiweza kupigana. Mafunzo yalipokaribia kwisha ndipo maofisa wa vitengo vingine walipokuja kutazama nani anawafaa. Wahandisi walichukua wao, watu wa mawasiliano wao, madaktari wao. Waliobaki, yaani wengi wetu, walikwenda vikosi vya miguu. Msidhani hao walikuwa makapi. Jeshi lote lipo ili askari wa miguu afike mahali fulani, asimame hapo, na asiondolewe.

Mwaka wetu alikuja pia kapteni wa ujasusi, mama mmoja mrefu, mpole wa sauti. Ujasusi wa kijeshi ni kazi ya kujua kilichoko mbele kabla wenzako hawajakifikia. Tulidhani anatafuta watu wajanja. Aliniita kwa sababu ya zoezi moja la doria, ambapo kila mmoja alitakiwa kueleza aliyoyaona njiani.

"Wenzako wote wamesema waliona watu watano wakivuka mto," akaniambia. "Wewe umesema uliona watatu na ukasikia wengine. Kwa nini?"

"Afande, wengine walikuwa nyuma ya miti. Sikuwaona."

"Lakini walikuwa watano."

"Ndiyo, afande. Lakini mimi niliona watatu."

Akaniuliza nilijifunzia wapi kusema hivyo. Nikamweleza kwamba Tata, baba yangu, alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani, na kila kikao cha wazee alinichukua niketi nyuma nisikilize. Tukirudi nyumbani aliniuliza nani alisema nini, na ole wangu nikiongeza neno la kumfurahisha. Kapteni akatabasamu kidogo. "Mtu akikudanganya, unajuaje?"

"Sijui, afande, mpaka nimsikie mara ya pili."

Akanipa siku mbili za kufikiri. Nilipotoka nilimkuta Yusuf akingoja zamu yake, na nilijua moyoni kwamba kama kuna mtu kapteni anamtaka, ni yeye. Kiswahili chake kilikuwa safi, Kiarabu cha madrasa alikijua, na angeweza kuketi na mfanyabiashara yeyote wa kaskazini akadhaniwa mpwa wake.

Alikaa ndani muda mfupi sana. Jioni hiyo tukiwa tunafua nguo bombani nikamuuliza ilikuwaje.

"Nimekataa."

"Umemkataa kapteni?"

"Nimemwambia kwa heshima." Akakamua shati lake, akalikung'uta. "Mokaya, wewe unajua wangenituma wapi. Wangeniambia, nenda ukaswali nao, ule nao, kisha uje utuambie. Mimi nikimsalimu mtu msikitini nataka iwe salamu tu."

"Kuna watu wabaya wanaojificha humo humo."

"Wapo. Na lazima mtu awatafute, sikatai. Lakini mimi nataka adui anione na mimi nimwone. Nikifa, nife nikijulikana nilikuwa nani." Akaniangalia. "Wewe unaweza hiyo kazi. Wewe hata ukinyamaza siku nzima huoni ni mzigo."

Sikujua kama alikuwa akinisifu. Nilitafakari siku zote mbili. Niliogopa kikosi cha miguu, hilo nalisema wazi, lakini hofu siyo iliyoniamulia. Nilivutwa na lile swali la kapteni. Nilitaka kuwa mtu ambaye neno lake hupimwa kabla wengine hawajanyanyua mguu. Nikaenda kumwambia ndiyo.

Tata hakufurahi. Niliporudi likizo alitaka kuwaambia watu sokoni ninafanya nini, nikamwomba aseme tu niko jeshini. "Jeshini unafanya nini?" akauliza. Nikasema naandika ripoti. Akabaki akiamini kwamba mwanawe ni karani aliyevaa buti, na hivyo ndivyo alivyoamini hadi alipofariki.

Mafunzo ya ujasusi yalikuwa ya darasani zaidi ya uwanjani. Kapteni alitufunza kwamba ripoti ina maneno matatu tu ya maana: nimeona, nimesikia, nadhani. Kila sentensi lazima iwe chini ya neno moja kati ya hayo, na mwenye kuyachanganya huua watu. Alitufunza pia kuhusu chanzo, yaani mtu anayekupa habari. "Chanzo si mali yako," alisema. "Ni mtu aliyeweka shingo yake mikononi mwako. Ukipandishwa cheo kwa sababu yake, halafu ukajigamba, umemkata."

Nilihudumu kwenye kambi kadhaa, nyingine tulivu kiasi kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza malalamiko ya bei ya mbuzi. Kisha nikapelekwa kaskazini, kwenye mji mdogo mkavu karibu na mpaka. Siutaji, na mtaelewa kwa nini. Wiki chache baadaye kikosi kipya kilikuja kupokea zamu, na katika platuni ya kwanza kushuka nikamwona Yusuf, sasa koplo, mweusi kwa jua. Tulikumbatiana kama watu wa nyumba moja. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za Kisii. Hakuniuliza nafanya nini pale, nami sikumwambia.

Maji ya kambi yalitoka kwenye kisima kilicho mbali, na lori liliyafuata kwa barabara moja ya vumbi. Kulikuwa na minong'ono kwamba njia za eneo lile zitategwa vilipuzi. Nilikuwa na mfanyabiashara wa mifugo aliyenipa habari, mtu mwenye maneno mengi, na siku hiyo aliniapia kwamba barabara ya kisimani ni safi kabisa. Nilitaka kumwamini. Lakini asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimekwenda sokoni kununua maziwa ya ngamia kwa mama mmoja niliyezoea kununua kwake. Alikuwa amechelewa, na maziwa yameanza kuchacha.

"Leo mama umetuchelewesha," nikamwambia.

"Leo tumezunguka," akajibu, akinipimia. "Sisi wote tunaotoka upande wa kisimani."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tumezunguka tu." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Meja, mkuu wa kambi, aliniita kabla lori halijaondoka. Matangi yalikuwa yamekauka, na askari wa platuni ya Yusuf walikuwa tayari wamepanda nyuma ya lori kama walinzi.

"Barabara ni salama ama si salama?" akauliza.

"Sijui, afande."

Hakupenda. "Nimekuweka hapa ujue. Mtu wako wa mifugo amesemaje?"

"Amesema ni safi. Hilo nimelisikia. Lakini nimeona mama wa maziwa amechelewa na maziwa yake yameanza kuchacha, na nimesikia kwake kwamba wote wanaotoka kisimani leo wameiacha barabara wakazunguka. Hakunipa sababu."

"Kwa hiyo unadhani nini?"

Nikisema kuna kilipuzi na kisiwepo, kambi inakaa kiu kwa neno langu. Nikisema hakuna, Yusuf yuko juu ya lori lile. "Afande, mtu hamwagi riziki yake bila sababu. Nadhani waliogopa kitu. Kama ni kilipuzi ama ni ugomvi wao, sijui. Lakini mimi nisingepanda lori hilo."

Meja alikwenda dirishani akalitazama lori. Kisha akatoa amri platuni ishuke, itembee mbele ya lori, pande zote mbili, nje ya barabara, hadi kisimani. Nilisikia manung'uniko kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na umbali ule hakuna aliyewahi kuutembea kwa mguu.

Nilingoja kando ya chumba cha redio. Kabla ya adhuhuri tukasikia mlio, kisha moshi ukaonekana. Mwenye redio alikuwa akiita bila kujibiwa, na dakika hizo niliwaza mabaya yote. Hatimaye sauti ikaja: mtu wa mbele aliona mchanga uliochezewa, wakaanza kurudi nyuma, na kilipuzi kikalipuka barabarani bila mtu juu yake. Lori lilikuwa mbali. Wote wako hai. Koplo mmoja ameumia.

Nilimkuta Yusuf hospitali ya kambi, amefungwa bega na kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na halikupona tena.

"Mokaya," akasema kwa sauti ya juu ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "kuna mtu huko ofisini alitushusha kwenye lori. Njia nzima nilimlaani. Nilisema huyo hajawahi kubeba mzigo. Sasa nataka kumwona nimshike mkono, na hakuna anayeniambia ni nani."

Nilikuwa nimemshikia kikombe cha maji. Nikamnywesha. Kama ningesema ni mimi, angeuliza nilijuaje, na ningemwambia, kwa maana alikuwa rafiki yangu. Naye angemsimulia mwenzake wa kitanda cha pili kwa furaha tu. Siku chache, na mji mzima ungejua kwamba habari ilitoka kwa yule mama wa maziwa sokoni. Nikamwambia apumzike.

Meja alitaka kunisifu mbele ya gwaride. Nilimwomba asifanye hivyo, akaelewa, akanishika mkono ofisini kwake mlango ukiwa umefungwa. Yule mama niliendelea kununua maziwa kwake kama kawaida, na sikumuuliza tena lolote. Mpaka leo sijui kama aliniambia kwa makusudi, ama alikuwa akieleza tu kwa nini maziwa yake yamechacha. Mfanyabiashara wa mifugo alihama, na kama alidanganya ama hakujua, hilo nalo sijui. Kazi yangu ilijaa mambo ya namna hiyo.

Yusuf alitolewa jeshini kwa sababu ya sikio, akarudi Kisii kwenye duka la baba yake. Mimi niliendelea hadi cheo cha sajini mwandamizi, nikastaafu, nikarudi Nyaramba kwenye chai na ndizi zangu. Nikienda mjini hupita dukani kwake. Huketi upande wake wa kulia ili anisikie. Miaka mingi baada ya kustaafu, siku moja duka likiwa halina mteja, nilimwambia ni nani aliyewashusha kwenye lori, na nilijuaje.

Alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunjua, akakikunja tena. Nilidhani atanishukuru, au atakasirika kwa miaka niliyomficha.

"Huyo mama wa maziwa," akauliza, "bado yuko hai?"

"Sijui."

"Basi ungeendelea kunyamaza," akasema. Akaagiza chai tukanywa, na hatujazungumza tena jambo hilo. Ndiyo maana hapa sikuutaja mji, wala kikosi, na majina mengine nimeyabadilisha.

Juzi alinijia Kemunto, binti wa dada yangu aliyeolewa Magwagwa. Amefaulu usajili na anakwenda mafunzoni. Amesikia kwamba siku hizi mtu anaweza kuulizwa mapema anapendelea wapi, na alitaka niamue badala yake.

"Mjomba, niambie tu. Miguu ama ujasusi? Ni gani iko na heshima?"

Nilimwambia zote zina heshima, na zote zina siku ambazo utatamani ungekuwa mwalimu wa nasari. Nilimweleza habari ya handaki, ya mzigo, ya wenzako kukuita ndugu na kumaanisha. Nikamweleza pia habari ya kuketi na watu wanaokupenda na kukaa kimya. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza nikamuuliza swali moja.

"Ukiokoa watu, na isijulikane kabisa kwamba ni wewe, utaweza kuishi hivyo?"

Kemunto alizungusha simu yake mkononi. Ni msichana mkweli.

"Ningetaka angalau mama ajue," akasema.

Nikamwambia aende kikosi cha miguu.