Maneno ya Kukazia

Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani nilipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya makuti yenye ukumbi mrefu katikati. Wapangaji wengine walikuwa na watu wao. Mimi nilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na Kiingereza nilichotoka nacho shule. Jioni, wenzangu wakipiga soga uani, nilikaa chumbani nikijiuliza: nikitoka sasa, wataona natafuta kukaribishwa, nisipotoka, wataona naringa. Mara nyingi walimaliza soga zao kabla sijaamua.

Asubuhi moja alinipitia jirani yetu wa Kilosa, mfanyakazi wa gari la moshi. Alinisalimu, akaulizia kazi, akalilalamikia joto la Dar es Salaam, kisha akasema mama yangu yu mgonjwa kitandani na ananiulizia.

"Uende akuone," alisema. "Usichelewe sana."

Hilo "sana" nililichambua nikielekea kazini. Je, lilimaanisha naweza kuchelewa kidogo? Au alilitia ili nisiogope?

Kwenda kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilitoka kwa Mzungu mkubwa wa ofisi yetu, upande wa bandarini. Shuleni mwalimu alitufundisha maneno ya kuunga sentensi na kuitia mkazo: "indeed", yaani kwa hakika, "in fact", kwa kweli, "above all", zaidi ya yote. Alituambia kwamba Mzungu huupima uzito wa jambo kwa neno linaloandamana nalo. Niliyapenda maneno hayo, maana nilidhani yangesimama imara mahali ambapo mimi natetemeka. Basi kutoka Msimbazi mpaka Kivukoni nilitunga ombi langu. "Above all" niliiweka kwa mama, nikaiondoa nikihofu nitaonekana naidharau kazi, nikairudisha. Nilipofika mlangoni shati lilikuwa limeloa, lakini ombi halikuwa na kasoro.

Mkubwa aliinua macho akaniuliza, kwa wema kabisa, hali yangu, na watu wa nyumbani je, hawajambo?

Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumbani hujibu kuwa ni nzuri. Hata kama kuna maiti ndani, habari ni nzuri, kisha ndipo inakuja "ila", na nyuma ya "ila" ndiko yaliko mambo yenyewe. Anayetanguliza msiba kabla salamu hazijakwisha hakulelewa. Kwa hiyo nilijibu kwamba wote ni wazima, na kwa kuwa nilikuwa na hofu, na yale maneno yamenijaa kinywani, nikaongeza moja.

"Very well indeed, sir."

Alisema amefurahi kusikia hivyo, akaendelea kuandika.

Nilingoja aulize tena, kama watu waulizanavyo. Hakuuliza. "Ila" yangu ilikuwa tayari, lakini nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe: nikisema sasa kwamba mama ni mgonjwa, nitakuwa nimemdanganya Mzungu, tena kwa mkazo. Aliponiuliza kama kuna jingine, nilisema hakuna, nikaenda mezani kwangu.

Jioni nilimkuta mama mwenye nyumba barazani akichoma vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sioni mzigo? Huendi kwa mgonjwa wako?"

Nikamweleza.

"Sasa hiyo si salamu tu?" alisema. "Nani anamshika mtu kwa salamu?"

"Kwa Kiingereza nimekwisha kutoa habari, mama. Na nilikazia."

Akamgeukia fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele. "Fundi, umesikia? Karani kamponya mama yake kwa Kizungu."

"Basi alipitie na goti langu," fundi akasema bila kuinua macho.

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikawaza kama nimecheka kupita kiasi kwa mtu aliyeuguliwa.

Mama mwenye nyumba akakigeuza kitumbua. "Kesho rudi. Ingia na shida yako mkononi, usingoje salamu. Akikuona huna adabu, mwache akuone. Huyo si mkweo."

Nilirudi. Nilisema nikiwa bado mlangoni: mama yangu ni mgonjwa, naomba ruhusa niende Kilosa. Hakuna neno lililotangulia wala kufuata. Sentensi ilisikika kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Mkubwa akaweka kalamu chini. Akanikumbusha nilivyosema jana, akauliza lipi la kweli. Nikamwambia yote mawili, ndivyo tujibuvyo. Nikawa na hakika ananifukuza. Akanipa ruhusa.

Nilikwenda stesheni mbio. Gari la abiria lilikuwa limeondoka asubuhi ile, na jingine halikuwapo mpaka siku kadhaa mbele. Nikarudi Kariakoo mchana, saa ambayo sikuwahi kuiona nyumba ile. Fundi alikuwa kazini, mama mwenye nyumba alikuwa sokoni, na ukumbi mzima ulikuwa wangu. Nilifunga mzigo, kisha nikaufungua nitoe shuka, maana bado nilikuwa na usiku wa kulala pale.

Yule jirani wa Kilosa alikuwa ameondoka na gari lile. Akifika angempitia mama, amwambie kwamba amenifikishia habari, na mama angeanza kunitazamia siku hiyo hiyo.