Bukari ya Kilwa

Juzi, ku bandari ya Nchelenge, niliona babinti ba sukulu banapanda mu bwato ya kuenda ku Kilwa, na jezi mupya, banaimba. Timu yao imetoka mu ligi ya barabara, imeingia mu ligi ya ziwa. Nikaweka kikapo ya nyanya chini, nikacheka.

Sisi pia tulihama vile. Mimi nilikuwa kipa, juu hakuna mwengine alipenda kuanguka mu mavumbi. Ku barabara tulienda mechi kwa miguu, tulicheza na njaa, tulishinda. Mechi ya kwanza ya ligi mupya ilikuwa kule kule Kilwa, ku kisiwa ya mu ziwa. Tiicha yetu akasema: «Tukipigwa leo, batatucheka mwaka muzima.»

Tukafika, miguu inatetemeka bado na mawimbi. Bamama balitungojea na bukari, ule ugali yetu, na samaki ya moto. Ile harufu! Nikawaza: hawa banatuogopa, banaomba huruma. Nikakula yangu, nikakula na ya beki.

«Kula, mwanangu, ongeza,» mama moja ananiambia, anacheka.

Leo minajua: bale bamama, batoto babo ndio tulicheza nabo. Mupira wa kwanza ulipita nikiwa ninawaza muchuzi. Sukulu sikumaliza, lakini kuhesabu mpaka tano nilijifunzia mu ile goli.

Basi juzi nikapigia kelele ule binti mwenye glovu: «We kipa! Ukule mechi ikiisha!»

«Mama, banasema samaki ya kule ni tamu sana!» akajibu, meno yote inje.

Bwato ikaondoka. Nikajua tayari: tano.