Ndama Tuliyempaka Tope

Harufu ya dawa ya josho, shimo la kuogeshea ng'ombe, ilikuwa kali, inakwaruza koo. Miaka ya hamsini tuliishi kama maskwota, vibarua wasio na ardhi yao, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro. Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba ng'ombe wetu wenye nundu wasikaribie fahali wake wa madoa meusi na meupe. Ukiivunja, unafungasha. Baba ndiye aliyemchunga fahali huyo. Alasiri moja, bila kumwambia hata Mama, alimpeleka ng'ombe wetu wa pekee kwenye kichaka cha leleshwa, akamwacha na fahali.

Ndama alipozaliwa, Mama alishika kichwa. Alikuwa jike, ubavu mweupe, mgongo mweusi, sura ya fahali yule kabisa.

"Umetumaliza, Baba Wambui," Mama alisema.

"Mama yake hutoa kikombe cha maziwa," Baba akajibu. "Huyu atajaza ndoo. Watoto watakunywa."

Wambui ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, na kila asubuhi nilimsaidia Mama kumpaka ndama tope jekundu lililokorogwa na mafuta ya kondoo, mpaka akafanana na mama yake. Gari likinguruma barabarani, nilikimbia kutazama kama ni mzungu. Niliogopa hata mvua. Josho hatukuliwaza, maana ndama wadogo hawakupelekwa. Kisha nyapara akapita akitangaza kwamba kupe wamezidi, kesho hata ndama wataogeshwa. Kumficha kungekuwa kujitangaza, maana nyapara alikuwa amewahesabu ndama wote. Mama akaongeza mafuta, tukijidanganya kwamba yatashika.

Kesho yake ndama alitumbukia joshoni akiwa mwekundu. Alipotokea upande wa pili, tope lilikuwa likimchuruzika miguuni na ubavu wake uling'aa mweupe mbele ya kila mtu. Mzungu alimzunguka polepole. Baba alivua kofia.

"Hii mtoto ya dume yangu," mzungu alisema. "Itabaki. Wewe, kesho toka."

Tukatoka. Ndama alilia nyuma yetu hadi tulipovuka lango, na ng'ombe wetu akawa anageuka kila hatua. Baba hakugeuka.

Leo nina ng'ombe wanne wa madoa, kwangu mwenyewe, huko Bahati. Mpandishaji huja na pikipiki, mbegu ya madume ikiwa kwenye mtungi wa baridi, na kuuliza kwa sauti kubwa, "Mathe, leo tuweke ya dume gani?" Namjibu kwa kunong'ona, baada ya kutazama barabarani.

"Cucu, unaangalia nani?" wajukuu hucheka.

Nami hucheka pamoja nao, macho yangu yakiwa bado langoni.